Jinsi ya kupanga mafuta ya safari ya mafunzo ya ndege ya kijeshi: mfano wa T-45C kutoka Kingsville

Kila anapojiunga mwanafunzi mpya katika kuruka ndege za mafunzo za kijeshi kwa simuleta, maswali huwa yale yale: nipakie mafuta kiasi gani, bingo ya T-45 (kiwango cha mafuta cha kuacha yote na kurudi) ni ngapi, na kwa nini mwenzangu ametua salama ilhali mimi injini imezimika nikiwa tayari naiona njia ya kurukia mbele yangu. Nimeandika mwongozo huu ili maswali hayo yajibiwe mara moja kwa utaratibu, na ili wewe unayeanza uweze kukaa na karatasi na kalamu, ukatoka na tarakimu zako mwenyewe kabla hujawasha injini.

Nimechagua T-45C Goshawk, ndege ya injini moja ambayo Jeshi la Majini la Marekani huitumia kuwafunza marubani wake wa ndege za kivita katika vituo vya Kingsville, Texas, na Meridian, Mississippi. Ndege hii imetokana na Hawk ya Uingereza, jamii moja na zile Hawk Mk 52 ambazo Jeshi la Anga la Kenya lilipokea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Utaratibu wenyewe unafaa kwa ndege yoyote ya mafunzo yenye injini ya jeti. Kinachobadilika ni tarakimu tu.

Shika jambo hili kwanza, kwa sababu hatua zote zinasimama juu yake. Katika safari ya mafunzo ndege huondoka ikiwa imejazwa, kwa hiyo swali la kiasi cha kupakia halina uzito mkubwa. Swali lenye uzito ni kwamba kati ya mafuta yaliyomo, ni kiasi gani una ruhusa ya kukitumia kwa mazoezi, na jibu lake hupatikana kwa kuanzia mwisho wa safari, pale magurudumu yanapogusa lami, na kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye maegesho.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Uzito wa mafuta yote yanayoweza kutumika. T-45C hubeba ndani takribani pauni 2,900, ambazo ni kama kilo 1,315, au lita 1,600 na kidogo za JP-5, mafuta ya jeti ya wanamaji.
- Jedwali la matumizi ya mafuta la ndege yako. Kama huna, hatua ya 1 inaeleza jinsi ya kulitengeneza.
- Ramani yenye umbali kwa maili za baharini kutoka uwanjani hadi ukingo wa mbali wa eneo la mazoezi, na kutoka uwanjani hadi uwanja wa akiba, yaani uwanja mwingine wa kutua ukishindwa kutua nyumbani.
- Utabiri wa hali ya hewa wa saa ya kurudi, pamoja na upepo wa juu.
- Kibao cha pajani, karatasi, kalamu na saa.

Katika simuleta, hakikisha pia kwamba mpangilio wa mafuta yasiyokwisha umezimwa, na kwamba geji inasoma kipimo kile kile unachokitumia kwenye hesabu.

Tarakimu za matumizi zilizomo humu nimezizungusha kwa ajili ya kufundishia. Usizinakili ukazifanya zako. Pima ndege yako mwenyewe. Rubani wa ndege halisi hutumia kitabu cha ndege yake na kanuni za kikosi chake, wala si mwongozo wa namna hii.

Hatua za kufuata

1. Pima matumizi ya ndege yako katika hali nne. Ruka mara moja kwa kazi hiyo tu. Shikilia mwendo usiobadilika kwa dakika 5, soma geji mwanzo na mwisho, kisha zidisha tofauti kwa 12 upate matumizi ya saa nzima. Fanya hivyo ukiwa unasafiri futi 15,000, ukiwa unasafiri futi 25,000, ukiwa chini karibu na ardhi kwa noti 360 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), na ukiwa unazunguka futi 10,000 kwa mwendo unaokula mafuta kidogo kuliko yote. Katika mfano wetu nitachukua pauni 1,500 kwa saa, 1,200, 2,100 na 900 kwa kufuata mpangilio huo huo.

Kisha gawanya matumizi ya saa kwa mwendo wa ndege juu ya ardhi, na utapata gharama ya kila maili. Pauni 1,500 kwa noti 375 ni pauni 4 kwa maili. Pauni 1,200 kwa noti 400 ni pauni 3. Pauni 2,100 kwa noti 360 ni karibu pauni 5.8. Zitazame kwa makini tarakimu hizo tatu. Maili moja iliyorukwa chini inagharimu karibu mara mbili ya maili iliyorukwa juu, na ukilielewa hilo mapema utajua kwa nini marubani wa jeti hukataa kushushwa chini kabla ya wakati.

*Onyo:* usichanganye vipimo. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya abiria aina ya Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu hesabu ya lita ilibadilishwa kwa kigawe cha pauni mahali palipohitaji kigawe cha kilo. Ilikuwa na chini ya nusu ya mafuta iliyodhaniwa kuwa nayo, na ikalazimika kuteleza bila injini hadi Gimli, Manitoba. Hakuna aliyekufa, lakini ilikuwa ni kwa ustadi mkubwa wa marubani wake. Andika neno "pauni" au "kilo" kando ya kila tarakimu, hata pale unapoona ni dhahiri.

2. Weka akiba kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Kanuni za Jeshi la Majini la Marekani zinataka rubani abebe mafuta ya safari aliyoipanga pamoja na nyongeza ya asilimia 10, na nyongeza hiyo kwa ndege za injini ya jeti isipungue kiasi cha kuruka dakika 20 kwa mwendo wa kukaa hewani muda mrefu kuliko wote, futi 10,000. Kwa pauni 900 kwa saa, dakika 20 ni pauni 300. Andika 300 mstari wa chini kabisa wa karatasi, upigie mstari, na uichukulie kuwa haimo kwenye tangi. Kama asilimia 10 ikizidi 300 utakapomaliza hesabu, utaweka hiyo iliyo kubwa.

3. Amua kama unahitaji uwanja wa akiba, na uuhesabu kwa ukamilifu. Hali ya hewa ikitabiriwa kuwa ya mashaka, hesabu lazima ikufikishe Kingsville, ikuruhusu ujaribu kutua, ushindwe, upae tena, na uende kutua kwingine. Tuchukue kituo cha wanamaji cha Corpus Christi, takribani maili 30 upande wa kaskazini-mashariki. Kupaa tena baada ya kushindwa kutua ni pauni 100, maili 30 za urefu wa kati kwa pauni 5 (kati ya 4 za futi 15,000 na 5.8 za karibu na ardhi) ni 150, kukaribia na kutua ni 100. Jumla ni pauni 350.

Wanafunzi wengi huandika zile 150 peke yake, kwa sababu ndizo zinazoonekana kwenye ramani. Kupaa kwa nguvu zote kutoka usawa wa njia ya kurukia ndiko kunakokula mafuta mengi zaidi kwa kila dakika kuliko kitu chochote katika safari, na kukisahau ni kujidanganya mahali pabaya kuliko pote.

4. Hesabu safari yenyewe, kipande kwa kipande. Mfano wetu ni safari ya kwenda eneo la mazoezi ambalo ukingo wake wa mbali uko maili 60, kufanya sarakasi za angani kwa dakika 20, kurudi, na kugusa na kupaa mara tatu, yaani kugusa lami na kupaa tena bila kusimama, kabla ya kutua.

- Kuwasha injini, kutembea ardhini na kuanza kupaa: 200
- Kupanda hadi futi 15,000, ukiwa umeshamaliza maili 20: 200
- Maili 40 zilizobaki kwa pauni 4: 160
- Mazoezi ya dakika 20 kwa pauni 40 kila dakika: 800
- Kurudi maili 60 kwa pauni 4: 240
- Kuingia uwanjani na kutua: 100
- Kugusa na kupaa mara tatu, 80 kila mara: 240

Jumla ni pauni 1,940. Ongeza 350 za uwanja wa akiba upate 2,290. Asilimia 10 yake ni 229, ambayo ni ndogo kuliko 300, kwa hiyo akiba inabaki 300 na jumla kuu inakuwa 2,590. Kwenye tangi la 2,900 zimesalia pauni 310 ambazo ni zako kwa hiari, sawa na dakika 7 hivi za nyongeza katika mazoezi.

Utaona kwamba sikupunguza chochote kwa ajili ya kushuka, ingawa ndege inaposhuka injini ikiwa katika nguvu ya chini kabisa hula mafuta kidogo sana. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Anayeongoza ndege kutoka ardhini anaweza kukushusha mapema au kukupitisha mbali, na faida uliyoihesabu ikatoweka bila wewe kuwa na la kusema.

5. Tia upepo. Mwendo unaogawanya nao ni ule wa juu ya ardhi. Ukirudi dhidi ya upepo wa mbele wa noti 60, noti 375 zinabaki 315, na pauni 4 kwa maili zinakuwa karibu 4.8. Maili 60 za kurudi zinagharimu 286 badala ya 240. Upepo ukiwa wa nyuma wakati wa kurudi, usiuhesabu kama faida. Uache uwe zawadi.

6. Tafuta bingo yako. Bingo ni kiasi cha mafuta ambacho, kikionekana kwenye geji, unaacha kila kitu na kurudi. Jumlisha kutoka chini kwenda juu: akiba 300, uwanja wa akiba 350, kuingia na kutua 100, kurudi kutoka ukingo wa mbali 240. Ni 990, izungushe juu kuwa 1,000.

Ndiyo maana swali "bingo ya T-45 ni ngapi" halina jibu. Siku ya anga safi, isiyohitaji uwanja wa akiba, hesabu hiyo hiyo inatoa 640, nawe ungeandika 650. Siku yenye upepo wa noti 60 inatoa 1,036, nawe ungeandika 1,050. Mtu akikupa bingo bila kukuuliza unakwenda wapi na hali ya hewa ikoje, usiipokee.

7. Weka kiwango cha kuonya juu ya bingo. Redioni huitwa "joker". Ukisubiri hadi bingo ndipo uanze kumaliza zoezi, utaivuka ukiwa kichwa chini miguu juu katikati ya mzunguko. Weka dakika 5 za kazi kati ya viwango hivyo viwili: 5 mara 40 ni 200, kwa hiyo joker ni 1,200. Ikifika, hutaanza zoezi jipya. Utamaliza ulilonalo, utajua uko wapi, na utageuza pua ya ndege upande wa nyumbani. Kama unataka zile mara tatu za kugusa na kupaa, ongeza 240 juu ya 990, izungushe juu, na uondoke eneo la mazoezi ukiwa na 1,250. Katika siku kama hiyo joker inakuwa haina kazi, kwa sababu umeshaondoka kabla yake.

8. Andika jedwali la ukaguzi kwenye kibao cha pajani. Safu tatu zinatosha: mahali, mafuta niliyopanga, mafuta niliyosoma. Kwa mfano wetu: baada ya kupaa 2,700, mwisho wa kupanda 2,500, kuingia eneo la mazoezi 2,340, kutoka 1,540, juu ya uwanja, kabla ya kuingia, 1,300. Acha safu ya tatu wazi uijaze angani kwa kalamu.

Katika mazoezi, soma geji baada ya kila zoezi moja. Mafuta hutajwa kwa maelfu na sehemu moja ya kumi: geji ikisoma 1,840, unasema "1.8". Zungusha kuelekea chini siku zote, anayesema "1.9" kwa sababu 1,860 iko karibu na 1,900 amejipa pauni 40 asizokuwa nazo, nazo ni dakika nzima ya mazoezi.

9. Mkiruka zaidi ya mmoja, panga kwa ajili ya mwenye mafuta machache. Ndege ya ubavuni hula zaidi kuliko ya kiongozi, kwa kuwa rubani wake husogeza wenzo wa nguvu mbele na nyuma muda wote ili kukaa mahali pake. Kiongozi anayetazama geji yake peke yake atawatoa wote katika eneo akiwa ameridhika, kumbe wa pembeni ameshavuka bingo. Viwango vya bingo na joker viwe vya kundi zima, visemwe kwenye maelezo kabla ya kuruka, na wa kwanza kuvifikia avitaje redioni papo hapo bila kuona haya. Kiongozi naye ajibu kwa kusikia, kisha ageuke.

Makosa yanayorudiwa zaidi

Kosa kubwa kuliko yote ni kuibadilisha bingo angani. Umeikokotoa ukiwa umetulia, mezani, na akili yako yote. Ukiwa juu unatokwa jasho na mkufunzi anakuuliza maswali, akili hiyo hunayo tena. Iruhusiwe kubadilishwa kwa kupandishwa tu, kama hali ya hewa imeharibika au umesogea mbali zaidi ya ulivyopanga. Kuishusha ili upate zoezi moja zaidi ni marufuku, hata kama nyumbani kunaonekana karibu.

Lingine ni kuitegemea taa ya onyo la mafuta machache. Taa hiyo imewekwa kwa ajili ya hesabu iliyokwisha kuharibika. Safari iliyopangwa vizuri humalizika bila kuiona.

Kisha kuna wale wanaosema maneno ya kuzunguka redioni. Tarehe 25 Januari 1990 Boeing 707 ya Avianca, safari namba 52, ilianguka Cove Neck karibu na New York baada ya kuishiwa mafuta, wakafa watu 73 kati ya 158. Ilikuwa imezungushwa hewani kwa zaidi ya saa nzima, na marubani walikuwa wamesema kwamba mafuta yanakwisha, lakini hawakutamka neno la dharura. Kwa mujibu wa utaratibu wa kimataifa wa sasa, "minimum fuel" maana yake ni kwamba umeshajifunga kutua uwanja fulani na ucheleweshaji wowote unaweza kukufanya utue ukiwa umeingia kwenye akiba yako ya mwisho. Halikupi kipaumbele, linawaarifu tu. Ukiona kwa hesabu kwamba hakika utatua na pungufu ya akiba hiyo, neno ni "mayday, mayday, mayday, fuel". Yajifunze kwa ulimi, uyatamke kama yalivyo, kwa Kiingereza hicho hicho, wala usiyapambe.

Yakitokea matatizo

*Geji iko chini ya mpango kwa pauni 100 au zaidi mapema safarini.* Kagua kwanza breki za hewa, flapu na magurudumu, kwa sababu kimojawapo kikibaki nje ndege huomba nguvu zaidi ili kushika mwendo ule ule. Kama vyote viko ndani, linganisha matumizi ya saa yanayoonyeshwa na kipimo cha mtiririko wa mafuta na yale uliyoyapima katika hatua ya 1. Matumizi yakiwa sawa huku mafuta yanashuka kwa kasi isiyolingana nayo, chukulia kwamba yanavuja, ukatishe zoezi na urudi.

*Umevuka bingo bila kujua.* Acha zoezi, geukia uwanja wa karibu unaofaa hata kama si wa nyumbani, na upande juu kabla ya kuanza kulaumiana na mtu. Kupanda kunaonekana kama kutapanya mafuta, lakini tazama hesabu ya maili 100. Ukibaki chini, ni pauni 580. Ukipanda hadi futi 25,000 kwa pauni 300 katika maili 30, ukasafiri maili 30 kwa 90, kisha ukashuka maili 40 injini ikiwa katika nguvu ya chini kabisa kwa pauni 50 hivi, ni 440. Umeokoa 140, karibu nusu ya akiba yako. Kwa umbali mfupi, kama maili 20 au 30, faida hiyo haipo. Panda kiasi tu, ushuke taratibu.

*Umefika na mafuta ya kutosha lakini uwanja umefungwa kwa mvua.* Usizunguke kungoja huku unatumaini. Kwenye karatasi yako kuna kiasi cha kuondokea: uwanja wa akiba 350 na akiba 300, yaani 650. Unaweza kungoja hadi geji isome 650, na kwa pauni 15 kila dakika utajua kabisa una dakika ngapi. Ikisoma hivyo, ondoka, hata kama mnara unakwambia mvua inakaribia kukatika.

*Unatua na mafuta mengi kupita kiasi kila safari.* Hili nalo ni tatizo, kwa sababu ni mazoezi uliyoyapoteza. Angalia kama umeweka akiba mara mbili, moja kwenye mstari wake na nyingine umeificha ndani ya vipande kwa kuzungusha kila kimoja juu. Vipande viandike kama vilivyopimwa, na uzungushe mara moja tu, kwenye bingo.

*Hesabu ni sahihi lakini simuleta haikubaliani nayo.* Mara nyingi tangi limewekwa kwa asilimia badala ya uzito, au umeharakisha muda wakati wa kusafiri, au joto la siku hiyo katika simuleta ni tofauti sana na la siku uliyopimia. Weka uzito kwa pauni kwa mkono, acha muda uende kwa kasi ya kawaida, kisha rudia hatua ya 1 katika joto hilo na uandike jedwali jipya kando ya lile la zamani.